Kochi la Mama Kwenye Mvua ya Bomba

Chiriku alipopiga simu kusema anarudi nyumbani, mama yake alifua mapazia yote, akaondoa magunia ya mkaa kwenye chumba cha zamani cha binti huyo, na akatandika shuka ambalo tangu apewe zawadi lilikuwa halijatoka kwenye mfuko wake. Kisha akaoga, akavaa gauni la kwendea harusini, akakaa sebuleni kwenye kochi kumsubiri.

Jina la Chiriku alipewa utotoni, kwa sababu alianza kusema kabla hajaamka vizuri na hakunyamaza mpaka usingizi umnyamazishe. Ukubwani maneno yale yale ndiyo yaliyomlisha. Alikuwa msanii huko ng'ambo, tena msanii mwenye jina, na sanaa yake yote ilihusu nyumbani. Aliwahi kumwaga majani makavu kwenye ukumbi mzima wa jiji moja la mbali, watu wakavua viatu na kutembea juu yake huku wakilia kimyakimya. Kazi ile aliiita "Kiangazi cha Bibi". Bibi mwenyewe, enzi za uhai wake, alifagia uwanja asubuhi na jioni, na jani likidondoka katikati ya hapo alilitazama kama mtu aliyemtukana.

Gari lilipofika mlangoni, Chiriku alishuka pamoja na mwanamume mrefu mwenye miwani ya fremu nyekundu. Huyo alikuwa Mratibu wa maonyesho katika jumba la sanaa la mjini. Mama alimkumbatia mwanawe, akamgeuza huku na huku, akasema amekonda, akamsukuma taratibu kuelekea chumbani.

"Silali hapa, Mama," alisema Chiriku. "Nimechukua hoteli."

"Hoteli ya nini na kitanda kipo?"

"Nikilala hapa nitazoea, na nikizoea nitashindwa kukumbuka. Kazi yangu inataka umbali."

"Umbali! Kumbe huko ulikokuwa ni kwa jirani?"

Mratibu alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia methali mpya.

Chai ilipokuja, Chiriku alieleza kilichomleta. Angefanya maonyesho makubwa yaitwayo "Misimu ya Kurudi", yenye vyumba vinne. Cha kwanza kingekuwa cha kiangazi, na ndani yake vumbi. Cha pili kipupwe, na upepo wa mafeni. Cha tatu vuli, na harufu ya udongo uliolowa. Cha nne, ambacho ndicho roho ya kazi yote, kingekuwa cha masika, na ndani yake angeweka sebule aliyokulia.

"Utatengeneza sebule kama hii?" aliuliza Mama.

"Sitaki ya kutengeneza. Nataka hii hii. Kochi hili, kabati, meza, vitambaa, picha ya Baba. Kochi hili lina kumbukumbu, Mama."

"Lina nini?"

"Kumbukumbu."

"Aa. Nilisikia kunguni. Kunguni tulishawamaliza."

Mama aliomba muda wa kufikiri, akamwita mdogo wake, ambaye watoto wote wa nyumba hiyo walimwita Mama Mdogo. Mama Mdogo aliishi nyumba ya pili na hakuwahi kuitwa akachelewa. Alisikiliza shauri lote akiwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe," alisema. "Lakini huyu analilia kochi, na umri wa kulilia ulishampita."

"Ndiye kitinda mimba wangu," alisema Mama.

"Basi mpe. Ila usije kwangu kukaa."

Mama akatoa kila kitu. Kaka yake Chiriku, aliyekuwa fundi bomba, alikuja na gari la mizigo la rafiki yake kubeba vyombo. Alipoambiwa kazi ya dada yake inaitwa sanaa ya usakinishaji, alifurahi mno.

"Kumbe tunafanya kazi moja!" alisema. "Na mimi nasakinisha. Wiki iliyopita nimesakinisha masinki kwenye shule nzima. Mbona mimi hawaniandiki kwenye magazeti?"

"Nataka unisakinishie mvua," alisema Chiriku.

"Mvua gani? Manyunyu, rasharasha, au ile ya kung'oa mabati?"

"Mvua ya kumbukumbu. Iwe kama ilinyesha zamani, na kama bado haijanyesha."

Kaka alikuna kichwa. "Sawa," alisema. "Nitaweka koki mbili."

Siku zilizofuata alipitisha mabomba kwenye dari la chumba cha nne, akayatoboa matundu madogomadogo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukubali kwamba kuna kazi imemshinda, alipojaribu mara ya kwanza aliyafungulia maji yote kwa mkupuo. Ofisi ya Mratibu, iliyokuwa chini yake, iliogelea. Mratibu alisimama juu ya kiti, suruali ameikunja, akasema jengo limeanza kuzungumza. Kaka akampenda kuanzia siku hiyo. Ila aliomba jina lake nalo liandikwe ukutani, chini ya la dada yake, herufi zisiwe ndogo sana.

Jambo moja lilimsumbua. "Mama anajua kwamba mvua itanyesha juu ya kochi?"

"Asiambiwe," alisema Chiriku. "Nataka akutane nayo bila kujiandaa. Kukutana huko ndiko kurudi kwenyewe."

"Utamwambia wewe, maana mimi bado naishi mji huu."

Hakuna aliyemwambia.

Wakati huo Mama alikuwa akiishi kwenye sebule tupu. Ukikohoa mle ndani, kuta zilikujibu. Wageni walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, na Mama aliwaambia kwa maringo kwamba vyombo vyake vimekwenda mjini kwenye maonyesho, kama mtu anayesema wanawe wamekwenda kusoma. Alipotandika mkeka ili angalau pawe na pa kunyooshea miguu, Chiriku alipita na kamera, akashika kifua.

"Mama, uondoe. Utupu huu ni mzito sana, usiuharibu."

Mama akakunja mkeka, akarudi kwenye ndoo.

Siku ya ufunguzi ilifika. Mama alivaa lile gauni la harusini, Mama Mdogo akabeba mwavuli ingawa jua lilikuwa kali, maana hakuwa na mkoba na alipenda kushika kitu mbele ya watu. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wasanii wenye nguo nyeusi, mabibi wa mjini wenye mikufu ya mbao, na mhakiki wa gazeti, mtu mfupi aliyejulikana kwa kutofurahi. Mratibu alipanda jukwaani.

"Kazi hii," alisema, "inatuuliza swali ambalo wengi tunalikwepa. Je, nyumbani ni mahali, au ni unyevunyevu?"

Watu wakahema. Mama Mdogo akamnong'oneza dada yake, "Kwangu ni mahali."

Wakazungushwa vyumba. Kwenye kiangazi walipiga chafya na kupongezana. Kwenye kipupwe mafeni yalipeperusha kofia ya bibi mmoja hadi kwenye vuli, naye akaifuata huko, akarudi na viatu vya matope, akasema hajaguswa namna hiyo tangu ajifungue. Mhakiki wa gazeti alitazama saa yake.

Kisha mlango wa masika ukafunguliwa, na Mama akaona sebule yake.

Ilikuwa vile vile. Kochi limeelekea mlangoni. Kabati lipo kushoto, na ndani yake vile vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Vitambaa alivyofuma mwenyewe vilikuwa vimelala kwenye mgongo wa kochi, na marehemu mumewe alikuwa ukutani, anatazama watu kwa ile sura yake ya kutaka kuuliza bei. Juu ya vyote hivyo palikuwa na taa ya njano, ya upole, kama jua la saa kumi na moja. Mama alikuwa hajawahi kuitazama sebule yake akiwa nje yake. Machozi yalimlenga. Akamtafuta Chiriku kwa macho ili amwambie kitu, neno jema ambalo alikuwa hajalipata tangu binti huyo arudi.

Chiriku alikuwa anamtazama Mratibu. Mratibu akainua mkono. Kaka, aliyesimama nyuma ya pazia, akafunga macho na kufungua koki.

Mvua ikaanguka juu ya kochi.

"Kochi langu!"

Hakuna aliyejua mama wa umri ule anaweza kuruka ile kamba iliyofungwa kuzuia watazamaji. Aliiruka. Alikuwa amevua viatu kabla hajatua. "Fungeni maji! Nani amefungua maji? Wewe mtoto, funga!" Kaka, aliyeijua sauti hiyo tangu akinyonya, alipeleka mkono kwenye koki, lakini Chiriku akamtikisia kichwa, naye akabaki hapo, mkono hewani, amegawanyika kati ya mama na dada.

Mama akaanza kuanua. Alivuta vitambaa vyote kwa mkono mmoja, akavikamua, akavibana kwapani. Alimshusha mumewe ukutani, akamfuta uso kwa pindo la gauni, akamtia kifuani. Alitoa mito ya kochi akaipanga juu ya kabati, akagundua kabati nalo linavujiwa, akaishusha. Mama Mdogo aliona aibu kumwacha dada yake peke yake, akapita chini ya kamba, akafungua mwavuli juu ya vikombe vya wageni.

"Nimekuuguza surua!" Mama alipiga kelele bila kugeuka, maji yakimchuruzika kidevuni. "Nimeuza mashine yangu ya kushona usome! Leo unaninyeshea ndani! Shika huko, wewe, unatazama nini?" Hayo ya mwisho alimwambia mhakiki wa gazeti, aliyekuwa karibu, naye kwa mshtuko akashika upande wa pili wa kochi. Wakajaribu kulinyanyua. Lilikuwa limekunywa maji, halikunyanyuka. Mama alisimama akihema, akalitazama, kisha akakaa juu yake na kujifunika vile vitambaa kichwani.

"Sitoki hapa," alisema, "mpaka likauke."

Mlinzi wa ukumbi akasogea. "Mama, samahani, hairuhusiwi kugusa."

"Nimelikalia hili kabla hujazaliwa. Ondoka mbele yangu."

Mvua iliendelea kunyesha. Halafu bibi mwenye kofia akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Wengi walikuwa wanalia, na safari hii walilia kwa sauti. Mtu mmoja alipaza sauti akisema mama yake mzazi alikuwa hivyo hivyo. Mama alinyanyua uso, akawaangalia wote hao wanaomshangilia. Hasira haikutoka, lakini aliweka vitambaa vizuri kidogo kichwani.

Chiriku alimkimbilia mhakiki, aliyekuwa akikamua mikono ya shati. "Naomba radhi sana. Hii haikuwa sehemu ya kazi. Ni mama yangu tu."

"Usiombe radhi," alisema mhakiki, macho yake mekundu. "Hii ndiyo kazi. Yale mengine ni vumbi na mafeni."

Gazeti lilipotoka, Chiriku alipata mstari mmoja. Yaliyobaki yalikuwa ya Mama. Siku hiyo foleni ilizunguka jengo, na kila aliyefika dirishani aliuliza: yule mama anaanua saa ngapi? Mratibu akaenda mwenyewe hadi nyumbani, akaketi juu ya ndoo, akamwomba Mama arudi.

Mama alikuwa na sababu mbili za kukubali. Ya kwanza aliitaja: kochi liko kule, na hapa hana pa kukaa. Ya pili hakuitaja. Maisha yake yote alikuwa ameanua, na hakuna mtu aliyewahi kumpigia makofi.

Kilichofuata kilimshangaza kila mtu isipokuwa Mama Mdogo, aliyesema dada yake alikuwa hivyo tangu shule. Mama aliongeza vitu. Siku moja aliteleza kwa bahati mbaya, watu wakashtuka vizuri, na kuanzia hapo aliteleza kila siku. Aliongeza kilio pale anapomshusha mumewe ukutani. Alidai chumba cha kubadilishia nguo, na chai isiyo na sukari nyingi, na alimtaka Kaka apunguze nguvu ya maji upande wa kushoto maana yanaharibu nywele. Mama Mdogo naye aligoma: akasema hawezi kushika mwavuli kila siku kama mlingoti, naye apewe la kusema. Akapewa. Alikuwa anasema, "Dada, inazidi!" na alilisema kwa namna ambayo watu waliosimama nyuma waliinua shingo. Mwandishi mmoja alimuuliza Mama kuhusu sanaa yake, naye akajibu bila kusita, "Mimi nafanya kazi na unyevunyevu."

Chiriku alikuwa amekaa karibu aliposikia jibu hilo. Alijitahidi kutabasamu, tabasamu likagoma.

Asubuhi za siku za mapumziko, Kaka alilitoa kochi nje kwenye ua wa jumba la sanaa likaanikwa juani. Mama alikaa pembeni kulilinda. Siku moja Chiriku alimfuata huko.

"Mama, nina rai. Pale mwanzo usianue haraka hivyo. Acha kwanza maji yaongee."

"Yaseme nini?"

"Unajua, mimi nilikuwa naipenda ile mvua ya utotoni. Bati likivuja, matone yanaanguka kwenye masufuria, kila sufuria na sauti yake. Ilikuwa kama muziki. Nimeibeba miaka yote hiyo. Hiyo ndiyo niliyotaka watu waisikie."

Mama aligeuza mto wa kochi upande wa pili. "Uliipenda kwa sababu ulikuwa umelala," alisema. "Kona kavu ilikuwa moja tu, tulikulaza wewe. Mimi na baba yako tulikuwa tunahamisha vitu."

  Chiriku aliuangalia mto, kisha akaushika, akamsaidia kuukung'uta.

"Hujaniambia hata siku moja," alisema baadaye.

"Ungeniuliza." Mama alimtazama, akaona uso wa binti yake umenywea, huruma ikamwingia, akacheka. "Usinune. Mimi mwenyewe ningejua kuna watu watapiga makofi, nisingeezeka bati jipya."

Wakacheka wote wawili, ingawa kicheko cha Chiriku kilikuwa na kamba ndani yake, kama ile ya ukumbini.

Maonyesho yalipokaribia kufungwa, ukaja mwaliko. Jumba kubwa la sanaa ng'ambo, lile ambalo Chiriku alikuwa amelibishia mlango miaka yote bila kufunguliwa, lilitaka chumba cha masika. Vumbi na mafeni havikutajwa. Walitaka kochi, mvua, fundi wa mvua, mama, na mama wa mwavuli. Bango tayari lilikuwa limechorwa. Kazi ilikuwa imepewa jina jipya, "Kuanua", na chini yake, kwa herufi ambazo Kaka aliona zinatosha, kuliandikwa: wazo la awali ni la binti yake.

Mratibu alilifunua bango hilo kwenye sebule tupu, familia yote ikiwepo. Chiriku alilisoma mara mbili. Kaka alikuwa ameshaanza kuuliza kama huko maji yao yana presha. Mama Mdogo alitaka kujua kama watamtafsiria maneno yake au ayaseme hivyo hivyo. Mama peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Safari ni njema," alisema, "lakini kuku wangu nitamwachia nani? Na maji ya bomba huku yanatoka siku yakitaka, lazima mtu awepo wa kukinga. Nyumba haiachwi."

 Mmoja mmoja, wote wakamgeukia Chiriku.

"Mimi siwezi," alisema haraka. "Nina mhadhara. Nimeshawakubalia."

"Mhadhara wa nini?" aliuliza Mama.

Chiriku alitazama sakafu. "Wa kurudi nyumbani."

Mama Mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Kaka akatoka nje ili acheke kwa nafasi. Mama hakucheka. Alimsogelea mwanawe, akamwekea funguo mkononi, akamfunga vidole juu yake, kama anavyofungwa mtoto anayetumwa dukani.

"Shuka liko kitandani," alisema. "Halijalaliwa."

Wakaondoka. Chiriku alihama hotelini na sanduku moja, akafungua nyumba, akasimama sebuleni. Alikohoa, kuta zikamjibu. Alijaribu kuuona ule utupu mzito alioupiga picha, akaona tu kwamba hakuna pa kukaa. Akatandika mkeka. Kuku walikuja mlangoni kumtazama, wakaona hajui wanakula saa ngapi, wakaanza kupiga kelele mpaka akajua. Maji yakatoka asubuhi wakati yuko bafuni akiwaza, yakakatika kabla hajapata ndoo. Kesho yake alikaa karibu na bomba tangu alfajiri.

Mama alipiga simu mara kwa mara. Alisema huko kuna baridi, kwamba watu wanalia vizuri sana, na kwamba Mama Mdogo ameanza kujiongezea maneno na lazima azungumze naye. Aliuliza habari za kuku mmoja mmoja. Habari za mhadhara hakuuliza, na Chiriku hakumwambia kwamba ameuahirisha.

Mchana mmoja, mawingu yakiwa yamejikusanya, mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa nyuma, mzee aliyevaa kofia ya kazi.

"Hodi. Mama yupo?"

"Karibu. Shikamoo. Amesafiri."

"Marahaba. Nilitaka kuazima ngazi, kuna bati langu limeinuka na mvua ndiyo hiyo inakuja. Wewe ni mgeni wao?"

"Mimi ni binti yake. Wa mwisho."

"Yule wa mbali! Yule mwenye maneno mengi!" Mzee alimtazama vizuri, akafurahi. "Umerudi lini, mwanangu?"

Kwa swali hilo Chiriku alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyasema kwenye kumbi zenye vipaza sauti, watu wakayapokea kwa kuinamisha vichwa. Alikuwa nchini tangu kiangazi.

"Juzi," alisema.

"Karibu sana. Basi nipe hiyo ngazi kabla haijaanza."

"Sijui iko wapi, baba."

"Na mimi sijui. Huwa ananitolea mwenyewe. Tuitafute."

Wakazunguka nyumba pamoja. Haikuwa nyuma ya tangi, haikuwa stoo. Waliikuta imelala chini ya mti wa uani, na kuku mmoja ameitagia. Walikuwa bado wanajadiliana namna ya kumwondoa bila kugombana naye, matone ya kwanza yalipoanza kupiga bati, na Chiriku, kwa sauti ambayo jirani alisema ni ya mama yake mtupu, akapiga kelele kwamba nguo zake ziko kwenye kamba, akatimua mbio.